Kipepeo Juu ya Chumvi: Lebo ya "Si GMO" Inathibitisha Nini Hasa?

Kwa kawaida hapa tunahakiki makala za majarida na vitabu vya sayansi. Leo tunahakiki kitu chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, ambacho husomwa na watu wengi kuliko makala yoyote ya jarida: nembo kwenye pakiti ya chakula.

Nembo yenyewe ni ya Non-GMO Project ya Amerika ya Kaskazini. Ina kipepeo wa rangi ya chungwa aliyetua kwenye jani lenye umbo la alama ya vema. Ukiwa Marekani au Kanada unaiona kila ukienda dukani. Ukiwa Dar au Nairobi, huenda umeshakutana nayo kwenye rafu ya vyakula vinavyotoka nje, na huenda umelipa zaidi kwa sababu yake. Swali la leo ni hilo tu: ukilipa zaidi, umenunua nini?

Jibu fupi nakupa mapema. Kwenye mahindi na soya umenunua kitu cha kweli, ingawa pengine si kile ulichodhani. Kwenye chumvi umenunua picha ya kipepeo.

Tuelewane kwanza

GMO ni kiumbe ambacho vinasaba vyake vimebadilishwa kwa ufundi wa maabara. Mara nyingi hupachikwa kipande cha vinasaba kutoka kiumbe kingine, ili mmea ustahimili wadudu au dawa ya magugu. Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya yanayolimwa ni ya aina hiyo. Mazao mengine ni pamba, kanola, biti ya sukari, alfalfa, papai, na aina chache za viazi, tufaha na mboga nyingine. Orodha ni fupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Ishike kichwani, tutaihitaji mbele.

Mradi wa kipepeo ulianza mwaka 2007, chimbuko lake likiwa maduka mawili ya vyakula vya asili, moja la Berkeley, California, na jingine la Toronto. Bidhaa za kwanza zenye nembo zilifika madukani mwaka 2010. Hili ni shirika binafsi lisilo la faida, si chombo cha serikali. Kampuni huomba yenyewe kwa hiari, hulipia uhakiki, na wakaguzi wa nje hupitia viambato vyake. Kila mwaka kazi hiyo hurudiwa.

Sasa soma masharti yenyewe. Kiambato cha chakula cha binadamu kinaruhusiwa kuwa na mchanganyiko wa GMO usiozidi asilimia 0.9. Lishe ya mifugo inaruhusiwa hadi asilimia 5. Ndiyo, umesoma vizuri. Hata mradi wenyewe hausemi "haina GMO kabisa". Unasema bidhaa imepita kwenye utaratibu wa kuepuka GMO. Tofauti ya kauli hizi mbili ni kubwa, na ndiyo kiini cha uhakiki wetu.

Maabara inaona nini, na haioni nini

Watu wengi wakiona neno "imethibitishwa" wanamfikiria mtu aliyevaa koti jeupe akifungua ile pakiti yao na kuipima. Sivyo inavyokwenda.

Vipimo vipo, tena vizuri. Cha kwanza ni ukanda wa karatasi unaofanya kazi kama ule wa kupima mimba. Unasaga mahindi, unachanganya na maji, unachovya ukanda, na baada ya dakika chache mstari unajitokeza kama kuna protini ya GMO unayoitafuta. Cha pili ni PCR, njia ile ile tuliyoizoea wakati wa Covid. Hii inatafuta vipande vya vinasaba ambavyo wahandisi hupenda kuvitumia, mfano kipande kiitwacho 35S, kilichotolewa kwenye virusi vya koliflawa. Ukikiona kwenye soya, una sababu nzuri ya kushuku.

Lakini hata hapo inabidi uwe makini. Virusi hivyo vya koliflawa vipo duniani siku zote, na huambukiza mimea ya jamii ya kabichi. Kanola nayo ni ndugu wa kabichi. Kwa hiyo mmea ambao haujaguswa na mhandisi yeyote, ila umeugua tu, unaweza kuonekana "una" 35S. Maabara nzuri haiishii kwenye dalili ya kwanza, inafuatilia kwa kipimo kingine mahususi.

Tatizo kubwa zaidi ni jikoni, au tuseme kiwandani. Mafuta ya soya yaliyosafishwa na sukari nyeupe hubaki karibu bila vinasaba wala protini. Vimeondolewa wakati wa kuchuja na kusafisha. Sukari ya biti iliyobadilishwa na ya biti ya kawaida ni sukari ile ile. Hakuna kipimo cha vinasaba kitakachokuambia ipi ni ipi. Vivyo hivyo maziwa: ng'ombe aliyekula soya ya GMO na jirani yake asiyeila, ukipima maziwa yao kutafuta GMO hutapata tofauti.

Basi wanathibitishaje mafuta? Wanarudi nyuma. Wanapima soya kabla haijakamuliwa, halafu wanafuata karatasi: risiti ya mbegu, ghala ilipohifadhiwa, lori lililoibeba, kama mashine ilisafishwa kabla ya kuikamua. Kwa maneno mengine, kipepeo kwenye chupa ya mafuta anathibitisha mnyororo wa stakabadhi. Si jambo baya hilo. Hata hati ya kiwanja chako ni stakabadhi. Ila usiambiwe ni kipimo cha maabara.

Hesabu ya gunia

Hata soya ghafi ina shida yake, na hapa naomba dakika mbili za hesabu.

Chukua shehena ambayo punje 9 kati ya kila 1,000 ni GMO, yaani asilimia 0.9 kamili. Ukichota punje 100 bila kuchagua, uwezekano wa kutokukuta hata punje moja ya GMO ni kama asilimia 40. Yaani karibu mara nne kati ya kumi utasema "safi" kumbe hujabahatika tu kuziona. Ukichota punje 500, uwezekano huo unashuka hadi asilimia 1 hivi. Shehena ni ile ile, maabara ni ile ile, majibu ni tofauti kwa sababu ya kiasi ulichochota.

Na hapo tumedhani punje zimechanganyika sawasawa. Mfanyabiashara yeyote wa nafaka atakuambia hazichanganyiki hivyo. Ndiyo maana akifika sokoni hachomi bambo kwenye gunia moja akaridhika. Anachoma hili, anachoma lile, la juu na la chini. Wapimaji wa GMO nao wanajua hili na wana kanuni za kuchota sampuli. Lakini lebo haikuambii ni punje ngapi zilichotwa wala kutoka wapi. Kwa uhakiki wa kisayansi, hilo ni sawa na makala iliyoficha sehemu ya mbinu.

Panapostahili sifa, na panapostahili lawama

Tuwe waungwana. Kwa mtu ambaye kwa sababu zake hataki GMO, iwe ni imani, siasa ya mbegu au msimamo wake kuhusu makampuni makubwa, nembo hii inafanya kazi. Tortila za mahindi zenye kipepeo zimefuatiliwa, na zisizo nacho hazijafuatiliwa kwa utaratibu huo. Kiwango kimeandikwa, kinasomeka na yeyote, na kinarekebishwa mara kwa mara. Hiyo ni kazi halali.

Lawama inaanza kwenye chumvi. Chumvi ya mawe imewahi kuuzwa ikiwa na kipepeo. Jamani, chumvi ni madini. Haina jeni hata moja ya kubadilisha! Juisi ya machungwa nayo imewahi kubeba nembo hii, na hakukuwa na chungwa la GMO sokoni. Ile orodha fupi niliyokuomba uishike ndiyo kazi yake: chungwa halimo, chumvi haimo.

Watetezi wa nembo wana hoja yao. Wanasema mnunuzi hajui lipi lina hatari ya kuwa GMO na lipi halina, hivyo kumwekea alama kila mahali kunamsaidia. Mimi naona kinyume. Lebo inayosema "haina" inakuwa na maana pale tu "ina" inapowezekana. Ukimwekea mtu alama ya "haina" juu ya chumvi, umemfundisha kwamba ile chumvi nyingine, ya bei nafuu, huenda "inayo". Hukumuondolea ujinga, umemuongezea, halafu umemlipisha.

Na anayelipishwa mara nyingi ni mzazi mwenye hofu. Kipepeo hasemi lolote kuhusu afya, lakini wengi wanamsoma kama daktari. Ripoti kubwa ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2016 haikupata ushahidi uliothibitika kwamba mazao ya GMO yaliyoko sokoni yana hatari zaidi kwa afya ya binadamu kuliko mazao ya kawaida. Kipepeo pia hakuambii kama shamba lilipuliziwa dawa, wala kama kile kitafunio kina sukari kupita kiasi. Biskuti yenye nembo bado ni biskuti.

Namba zinazohama na mipaka

Hebu tutoke kwenye duka la Marekani kidogo. Umoja wa Ulaya unataka lebo ya "ina GMO" mchanganyiko ukizidi asilimia 0.9 ya kiambato. Kenya, kwa kanuni zake za 2012, iliweka asilimia 1. Sheria ya Marekani iliyoanza kulazimisha lebo tarehe 1 Januari 2022 inavumilia mchanganyiko wa bahati mbaya hadi asilimia 5. Gunia moja lenye asilimia 3 linaweza kuhitaji lebo bandari moja na lisihitaji bandari nyingine. Sumu haiwi hivyo. Namba hizi ni makubaliano kuhusu kinachowezekana kutenganishwa na kupimwa. Si mpaka kati ya salama na hatari.

Mfano ninaoupenda ni Japani. Tangu Aprili 2023, ukitaka kuandika "si GMO" kwenye soya au mahindi huko, ni lazima GMO isionekane kwenye kipimo. Ukiwa umetenganisha mazao yako vizuri lakini bado kuna mchanganyiko usiozidi asilimia 5, unaruhusiwa kueleza hivyo: kwamba mazao yametenganishwa ili yasichanganyike. Umeona tofauti? Lebo inataja kazi iliyofanyika badala ya kuahidi usafi. Kama kipepeo angeandikwa hivyo, nusu ya uhakiki huu usingekuwepo.

Halafu kuna mbegu zilizohaririwa jeni. Hapa mhandisi anaweza kufuta au kubadili herufi chache tu za vinasaba bila kupachika kipande cha kigeni, kwa hiyo ukitafuta 35S huikuti. Mwaka 2019 mafuta ya soya ya aina hii yalianza kuuzwa Marekani, na kampuni yake ikayanadi kuwa si GMO. Kwa kanuni za kipepeo, soya hiyo ni GMO. Mafuta ni yale yale, majina mawili. Hapa hata maabara bora haiwezi kuamua ugomvi, maana ugomvi ni wa tafsiri ya neno.

Na sisi je?

Kwetu jambo hili si la rafu za supamaketi peke yake. Kenya ilizuia uingizaji wa GMO mwaka 2012, baraza la mawaziri likaondoa zuio Oktoba 2022, na suala likafika mahakamani. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO ya Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Afrika Kusini, kwa upande wake, sehemu kubwa ya mahindi inayolima ni GMO. Mjadala wa "tuweke lebo" utatufikia tu, upende usipende.

Ukifika, kumbuka tulichokiona. Uthibitisho wote wa kipepeo unasimama juu ya stakabadhi za kila hatua. Sasa fikiria mahindi yetu: yametoka kwa wakulima kumi na wawili, dalali kayachanganya kwenye lori moja, mashineni yakasagwa baada ya ya mtu mwingine, mama kanunua kwa kilo bila pakiti. Hapo lebo utaibandika wapi? Kwenye debe? Kuiga nembo bila kujenga mnyororo ulio nyuma yake ni kununua muhuri kabla ya kuwa na ofisi.

Kwa hiyo, ukikutana na lebo ya "si GMO", ya kipepeo au nyingine yoyote, uliza maswali matatu. Je, zao hili lina aina ya GMO sokoni? Kama halina, rudisha pakiti na uchukue ya bei nafuu. Je, kilichopimwa ni chakula chenyewe au ni zao kabla halijasindikwa? Na je, wanaahidi kiwango gani? Asipokuwepo wa kukujibu maswali mawili ya mwisho, lile la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe, ukiwa umesimama pale pale dukani.