Sitaha Mpya, Chombo cha Kale

Sitaha haiozeshwi na bahari. Mvua ndiyo adui yake. Mabaharia wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana waliimwagia maji ya chumvi kila asubuhi, mbao zivimbe na kubanana. Chombo kikifungwa gatini msimu mzima wa masika bila mtu wa kukitazama, maji matamu hutuama penye misumari na kwenye ncha za mbao, na uozo huanzia huko, chini ya rangi ambayo bado inang'aa.

Huko Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, mashua ya namna hiyo hupandishwa pwani wakati wa bamvua na kuegemezwa kwa magogo. Sitaha yake si kubwa: kipande cha mbele, kingine cha nyuma, katikati pakiachwa wazi kwa shehena. Asiyejua huidhania kazi ya alasiri moja.

Fundi hana haraka hiyo. Kwanza hugonga ubao baada ya ubao kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Kisha hung'oa misumari mmoja mmoja badala ya kuvunjavunja, kwa kuwa ubao mkuukuu ndio kigezo cha ule mpya. Chini yake zipo boriti, na hapo ndipo anapokutana na fundi aliyemtangulia: alama za tezo, kiraka kilichotiwa kwa siri, boriti iliyochaguliwa kutoka kwenye mti uliojipinda wenyewe, kwa sababu mpindo wa kuchongwa kwa msumeno hukata nyuzi za mti na kuudhoofisha. Ule mgongo mdogo wa sitaha, unaoyaelekeza maji pembeni, hauna mchoro wowote. Umepimwa kwa jicho, na jicho jipya linatakiwa liurudishe ulivyokuwa.

Baada ya mbao kupigiliwa, tundu za misumari zikiwa zimetobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, huja kalafati. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikashindiliwa katika nyufa kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Hapa sikio ndilo linaloongoza mkono. Pamba iliyolegea hutoa sauti ya kufifia. Ikikaza sawasawa, mlio hubadilika, ukawa mkavu na wa juu, na fundi husogea hatua moja mbele. Anayezidisha nguvu huharibu vilevile, maana mbao zikilowa na kuvimba zitakosa pa kwenda na kuinuana. Kipimo hicho hakiandikiki. Kijana hukipata kwa kukaa karibu na mzee, akisikia milio hiyo hiyo mpaka kosa limkere sikioni kabla hajaambiwa.

Vijana wa kukaa hivyo wamepungua. Boti za faiba zimeingia, bodaboda inalipa jioni ile ile, na mwenye mashua asiye na subira hupigilia plaibodi juu ya sitaha mbovu, akapaka rangi, maji yakabaki yamefungiwa ndani yakiendelea kula boriti. Mbao nazo ni shida. Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mikoko ya Lamu ikaguswa na amri hiyo. Misitu ilihitaji kulindwa, hilo halina ubishi, lakini bambakofi, mti wa mbao za vyombo, haijawahi kupandwa kwa ajili ya fundi wa mashua, naye hakupewa badala yake.

Si kwamba mafundi wa Lamu wameshindwa na mambo mapya. Mwaka ule ule wa 2018 walishusha majini Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, kikasafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Mikono iliyofanya hivyo ni ya ukoo mmoja na iliyoushona mtepe kwa kamba za nazi bila msumari, chombo kilichotoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Leo mbao za vyombo vikuukuu zina soko jingine. Hukatwa zikawa meza na fremu za vioo kwa mahoteli na watalii, na tundu za misumari huachwa makusudi, kwani mnunuzi anazipenda. Baadhi ya mashua zilizoishia humo zilikuwa na mkuku mzima na mataruma imara. Kilichooza ni sitaha tu.