Jetoni zimefungwa miaka mitatu. Kazi je?

Wandugu, mu groupe zetu za WhatsApp kila mara kunapita mradi mpya wa jetoni, na karibu yote inaimba wimbo mmoja: «Musiogope, jetoni za waanzilishi zimefungwa.» Watu wanasoma pale, moyo unatulia. Mimi ninasema ile sentensi haitoshi. Mfano wangu ni Worldcoin, juu ilipita kwa jirani zetu wa Kenya na hesabu yake iko wazi.

Wazo lenyewe ni zuri. Mwenye kutengeneza programu anapewa jetoni, lakini zinafunguliwa kidogo kidogo, ili asiuze zote siku ya kwanza na kukimbia. Sisi wa agronomia tunalielewa haraka: mungazi unapandwa leo, mikungu ya kwanza inakuja karibu mwaka wa tatu ao wa nne. Mti wenyewe unamulazimisha mkulima abaki. Lakini mungazi hauangalii kalenda tu. Usipopalilia, miaka itapita na utavuna majani.

Njo hapa Worldcoin inanisumbua. Ilizinduliwa tarehe 24 Julai 2023 na kampuni Tools for Humanity, ya Sam Altman na Alex Blania. Jetoni zote ni miliari 10: 75% za watumiaji, 13,5% za wawekezaji, 9,8% za timu, 1,7% akiba ya kampuni. Za timu na wawekezaji zilifungwa mwaka mmoja, kisha zifunguliwe polepole miaka miwili. Kwa karatasi, ni safi kabisa.

Sasa tuangalie shamba. Nairobi, watu walipanga mstari KICC kupigwa picha ya jicho, kila mtu apate jetoni 25, karibu shilingi 7.000. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ikasimamisha kazi ile. Mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data zilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru zifutwe. Katikati ya ile kesi yote, Julai 2024, jetoni za wakubwa zilianza kufunguka. Kalenda haikuuliza kama kazi ilifanywa sawasawa. Iliuliza paka tarehe.

Nitakuwa wa haki: siku chache mbele ya kufungua, kampuni ilitangaza kwamba 80% ya jetoni za timu na wawekezaji zitafunguliwa kwa miaka mitano badala ya mitatu. Ni vizuri kwa bei, juu zinazoingia sokoni kila siku zinapungua. Lakini miaka mitano ya kungojea si miaka mitano ya kupalilia. Na aliyetoa jicho lake pale KICC hakuketi kwenye meza ile.

Hii inatugusa sisi wa Kisangani. Mimi nilipendekezewa kukusanya habari za mashamba njia ya Buta, malipo yawe jetoni «zitakazofunguliwa kisha miezi 18». Niliuliza: nani anahakikisha kazi yangu? Mradi ukisimama mwezi wa sita, ninapata nini? Nani anaweza kubadilisha tarehe? Jibu halikuja, na mimi sikuenda. Pikipiki inakunywa mafuta leo, haingojee miezi 18.

Kwa hiyo, wandugu wenye licence na wale mungali auditoire, mukipewa mkataba wa namna hii, musisome miaka tu. Tafuteni mambo matatu: kazi gani inafungua jetoni, nani anaipima, na nani ana ruhusa ya kugusa kalenda. Kama mwenye kupima na mwenye kulipwa ni mtu mmoja, ile kufuli yeye njo anashika ufunguo wake. Hapo muombe franga, hata kidogo, kila mwisho wa mwezi.