Mpimaji wa Mlango wa Sabaki

Saa 11 alfajiri nahodha alivua kandambili zake kwenye mchanga mkavu, akazipanga pamoja zikielekea bara, kisha akasimama. Hapakuwa na cha kutazama, giza lilikuwa bado zito. Alisikiliza. Pondo lilikuwa begani, tasbihi mkononi. Nyuma yetu, ndani ya mto, mashua mbili na hori tatu zilikuwa zimefungwa kwenye vigingi, na wenyewe wamekaa chini ya mivinje wakipokezana birika la kahawa. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwenye mlango huu hakuna chombo kinachosukumwa mpaka yeye aseme.

Mawimbi ya karibu yana sauti ya kukwaruza, kama ufagio wa chelewa uani. Ya mbali, yale yanayoanguka kwenye fungu la nje, yana ngurumo ambayo kifua huipata kabla ya sikio. Nahodha huitafuta hiyo ngurumo ya nje tu, akaziacha nyingine zipite. Kila inapopiga, anasogeza punje moja ya tasbihi, mpaka punje 33 zimalizike. Mjukuu wake, kijana anayeteleza mawimbini kwa ubao, alikuwa kando yake ameshika simu, akihesabu muda.

“Dakika saba na kidogo, babu.”

“Na jana?”

“Nne na nusu.”

Mzee aliitikia kwa koo, akaanza punje 33 nyingine. Alizihesabu mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshachoka kusimama, naye hakuwa amehamisha hata mguu.

Sabaki ni mto wenye majina mengi. Kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi unaitwa Athi. Ukishapita Ukambani na kupokea maji ya Tsavo unakuwa Galana. Ukikaribia bahari, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, ndio Sabaki. Njia nzima unabeba udongo. Matumbawe hayastahimili tope wala maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mwamba unaokinga sehemu kubwa ya pwani yetu umekatika hapa, na wimbi lililotoka bahari kuu linaingia hadi ufukweni bila kuzuiwa. Kinacholivunja ni mafungu ya mchanga, nayo mafungu hayana makao. Msimu wa kusi mkondo wa pwani huusukuma mchanga upande wa Mambrui. Kaskazi likiingia, mchanga na tope hurudi kusini, kwenye ghuba ya Malindi. Mto ukifurika hukata njia pale unapopenda. Anayeujua mlango wa Sabaki wa mwaka jana anaujua mlango ambao haupo tena. Ndiyo maana mzee huyu huja kila alfajiri, hata siku ambazo anajua tangu usiku kwamba hakuna atakayetoka. Asipopima siku ya leo, ya kesho hana cha kuilinganisha nayo.

Ilikuwa Julai, kusi limekolea, na mwezi ulikuwa umeandama siku ya nne. Bamvua lilikuwa limeanza kupungua nguvu, ingawa bado maji yalikuwa yakipanda na kushuka zaidi ya kimo cha mtu. Siku ya namna hiyo maji hujaa karibu saa 12 asubuhi na kupwa karibu saa 6 mchana. Kati ya kujaa na kupwa kuna kitambo kifupi ambacho maji husimama, mto na bahari vikiwa vimetulizana. Chombo kinachotoka Sabaki hutoka katika kitambo hicho. Kazi yote ya alfajiri inalenga dakika hizo chache.

Dakika nne na nusu za jana zilikuwa za viwimbi vya kusi, vilivyozaliwa na upepo wa hapa hapa, vifupi na vyenye papara: kimoja kila sekunde 8. Dakika saba za leo ni wimbi la kila sekunde 13, na wimbi la namna hiyo halizaliwi jirani. Nahodha alikuwa amekwisha kulishuku tangu jioni. Bahari ilikuwa tulivu kwa macho yangu, lakini yeye alitazama kigingi kimoja kilichosimama majini, akaona maji yanakipanda taratibu, yanakaa, kisha yanashuka. “Bahari inavuta pumzi ndefu,” aliniambia. “Wenyewe wako njiani.”

Alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka. Dhoruba ikivuruga bahari huko kusini ya mbali, huzaa mawimbi marefu na mafupi kwa pamoja, ila marefu hukimbia zaidi. Kundi la mawimbi ya sekunde 13 husafiri karibu kilomita 36 kwa saa. Kutoka latitudo ya 40 kusini mpaka Malindi, iliyo kama nyuzi 3 tu chini ya ikweta, ni zaidi ya kilomita 4,000, safari ya siku nne au tano. Yale marefu kabisa hutangulia, madogo kwa kimo, kama watu wanaotumwa mbele kubisha hodi. Mwenye macho huyaona hayo, akajua msafara unakuja.

Walter Munk, mwanasayansi wa bahari aliyezaliwa Vienna mwaka 1917, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye jambo hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yeye na Harald Sverdrup walitengeneza njia ya kukadiria mawimbi ya ufukweni, ili wanajeshi wasishushwe kwenye fukwe zitakazowazamisha, na njia hiyo ilitumika Normandy mwezi Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vipimo kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini yakikata Bahari ya Pasifiki nzima. Hesabu zilizomo leo kwenye simu ya yule kijana zimetokana na kazi za watu kama hao. Simu ilisema kimo, sekunde na upande yanakotoka mawimbi, nayo ilipatana na tasbihi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nayo hutoa taarifa za upepo mkali na mawimbi kwa wavuvi, na mzee huzisikiliza kwa makini. Lakini hesabu hizo hupimwa kwa miraba mipana ya bahari, mraba mmoja ukiweza kumeza Malindi na Mambrui pamoja. Zinakwambia nani anakuja. Nyumba atakayoingia, na mlango wake ukoje asubuhi hii, hazikwambii.

Kulipoanza kupambazuka, nahodha aliingia majini.

Pondo lake ni la mti mwembamba mgumu, limekatwa alama kila dhiraa, na kila dhiraa imegawanywa shibiri mbili kwa uzi mwekundu uliozungushwa. Dhiraa nne ni pima moja. Alitembea kando ya ulimi wa mchanga unaochomoza kutoka upande wa kusini wa mto, maji yakimfika magotini, kisha kiunoni, akichomeka pondo mbele yake kila hatua mbili. Halichomeki kwa nguvu. Analiachia lishuke kwa uzito wake, anasubiri ligonge, anasoma uzi, anaendelea. Kule kugonga pia kuna habari: chini pakiwa pagumu hutoa sauti kavu inayopanda hadi kiganjani, pakiwa na tope pondo hukaa kimya na kuzama kidogo.

Maji yalipozidi alipanda hori pamoja na mjukuu, nami nikapewa nafasi katikati nikiambiwa nisiinuke. Hapo alitoa chubwi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye mafundo. Chini ya risasi kuna kishimo, na ndani yake alipaka sabuni ya kufulia kwa kidole gumba, akisawazisha kama mwashi anayeziba ufa. Akaitupa, ikagusa, akaivuta. Sabuni ilikuwa imenasa mchanga mweusi unaometameta, ule ule unaong'aa kwenye fukwe za Mambrui. Aliusugua kati ya vidole viwili.

“Huu mzito. Wimbi limechukua mwepesi wote likauacha huu. Hapa limepiga usiku kucha.”

Mita chache kaskazini alitupa tena. Safari hii sabuni ilikuja na tope laini la kahawia. Palipo na tope maji yametulia kiasi cha kuliruhusu litue. Palipo na mchanga mweusi hayajatulia. Alifanya hivyo mara tisa, na kila mara aliosha kishimo, akapaka sabuni mpya. Baada ya ya tatu mimi ningekuwa nimeshafika kwenye jibu. Yeye alizitupa zote tisa kwa uangalifu ule ule, na ya nane ndiyo iliyomwonyesha kwamba fungu la nje limejongea kaskazini na kuingia nusu ya njia ya jana.

Njia yenyewe huishika kwa alama mbili za nchi kavu: mnara wa msikiti na mvinje mmoja uliopinda. Vikipangana, uko juu ya kina. Asubuhi hiyo, ili chubwi ipate kina kile kile, ilibidi mnara uonekane upana wa vidole viwili pembeni ya mvinje. Hakuandika popote. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima vidole vyake angani, akamwambia mjukuu afanye vivyo hivyo mpaka wakapatana.

Zamani mtu mwenye ujuzi huu aliitwa rubani, kabla neno halijahamia kwenye ndege. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 ndiye aliyemtafuta, rubani wa kumvusha hadi Calicut, na mwezi uliofuata alikuwa ameshafika. Vitabu vimemkumbuka aliyeongozwa. Ninapomtazama mzee huyu akipima anga kwa vidole, namfikiria zaidi aliyeongoza.

Kulipopambazuka kabisa kilichobaki kusomwa ni uso wa maji. Palipo na povu pana mchanga uko juu, maana wimbi hulala pale kina kinapokaribia kimo chake: la mita moja huanguka kwenye maji ya mita moja na robo hivi. Palipo na rangi ya giza, bila povu, kati ya weupe wa pande mbili, ndipo maji yanaporudi baharini. Chombo hupenda hapo, muogeleaji asiyejua hufia hapo. Nahodha aliniomba nitazame kwanza mstari wa maji ya mto yanayoelea juu ya ya chumvi, kahawia juu ya kijani, jinsi ulivyopinda kaskazini. Kisha alirudi kwenye tasbihi. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi kuna kimya. Anachohesabu sasa ni urefu wa kimya hicho. Jana, alisema, kulikuwa na viwimbi ishirini vya kupitika kabla ya kikubwa. Leo alipata manne, kisha matano, kisha manne. Manne kwa sekunde 13 hayafiki hata dakika moja. Mashua yenye mashine, ikiwa na watu na jarife, inahitaji dakika mbili kutoka fungu la ndani hadi nje ya la mwisho.

Upepo ulikuwa bado umande, wa kutoka bara, mwepesi, unaochana vilele vya mawimbi na kuvifanya vipendeze. Kusini kulikuwa na mavundevunde. Kusi lingeamka kama saa 3. Aliyatazama mawingu muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akageuza hori.

“Leo hatutoki,” aliwaambia waliokuwa chini ya mivinje. “Mlango una maji. Hauna nafasi.”

Waliitikia, “Haya, nahodha,” wakatandaza jarife mchangani, wakaanza kuziba matundu. Wanaume wale walikuwa wameamka saa 9 usiku, na siku bila kutoka ni siku bila kitoweo. Sikusikia hata mmoja akinung'unika.

Saa 3 kupwa kulikuwa kumeshika kasi. Maji ya mto na ya bamvua yalitoka kwa pamoja yakakutana uso kwa uso na wimbi lililokuwa linaingia, na wimbi linalokutana na mkondo hufupishwa na kuinuliwa. Mlango uliziba kwa weupe kutoka ukingo hadi ukingo. Pale ambapo mnara na mvinje vilikuwa vikipangana jana, mawimbi yalisimama wima na kuanguka mahali pamoja, moja juu ya jingine.

Alasiri, maji yalipokuwa yanapanda, mjukuu alichukua ubao wake akaenda upande wa kaskazini wa fungu, pale lilipopatikana tope. Mzee alikuwa amemwonyesha kwa kidole tangu asubuhi. Mimi nilimfuata nahodha kwenye ncha ya ulimi wa mchanga, akiwa amebeba ufito wa mkoko. Aliuchomeka, akaukanyagia mchanga, kisha akarudi nyuma akihesabu hatua hadi ufito wa bamvua lililopita. Zilikuwa hatua 11. Aliuliza saa, nikamtajia.

Kesho maji yatasimama karibu saa 12 na nusu, jua likichomoza.