Mavazi ya Zama za Anga: Namna ya Kupima Ubora Wake

Mtindo wa mavazi ya zama za anga ulizaliwa Paris katikati ya miaka ya 1960, Marekani na Umoja wa Kisovyeti zikiwa katika mashindano ya kumfikisha binadamu mwezini. Waasisi wake wakuu ni watatu. André Courrèges alionyesha mavazi meupe na ya rangi ya fedha mwaka 1964, na mwaka huohuo Pierre Cardin akatoa mkusanyiko wake wa Cosmocorps. Mwaka 1966 Paco Rabanne alitoa magauni 12 ya plastiki na metali, ambayo mwenyewe aliyaita yasiyovalika. Courrèges alikuwa amesomea uhandisi, na Rabanne usanifu wa majengo. Kwa hiyo vazi la mtindo huu, liwe la zamani au la wabunifu wanaoufufua leo, hupimwa umbo kabla ya mng'aro.

Umbo. Gauni la mtindo huu hutanuka kuelekea chini na husimama lenyewe bila kuushika mwili. Litazamwe kwanza likiwa limetundikwa, kisha mvaaji akitembea: pindo libaki sawa pande zote wala lisijikunje. Courrèges aliupata ukakamavu huo kwa sufu nzito iliyofumwa kwa nyuso mbili. Nakala za bei rahisi hutumia kitambaa chepesi kilichobandikwa kitambaa kigumu kwa gundi. Gundi ikiachia, uso hutoa malengelenge, na umbo halirudi tena.

Mshono. Vazi hili halina marinda wala nakshi za kuficha kosa la fundi. Mshono wa juu uwe na umbali uleule kutoka ukingoni mpaka mwisho, hasa penye mviringo wa shingo na kwapa. Mifuko miwili ilingane kwa kimo. Katika vazi jeupe, kingo za ndani zisionekane kwa nje.

Vinili na ngozi bandia. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Tundu la sindano kwenye vinili halizibi, hivyo safu ya vitundu kando ya mshono ni ushahidi kwamba vazi limefumuliwa na kushonwa upya. Mishono iwe mirefu kiasi, kwa kuwa ile ya karibukaribu hutoboa ukingo hadi ukachanika. Vinili kuukuu inayonata mkononi imeanza kutoa kemikali zilizoilainisha, na kuifuta hakutaiponya. Ngozi bandia ya poliyurethani huharibika kwa kubambuka, kwa hiyo kiwiko na sehemu za mikunjo zikaguliwe kwanza.

Metali. Gauni la vipande vya mtindo wa Rabanne huunganishwa kwa pete na koleo badala ya uzi. Kila pete iwe imefungwa barabara. Kitambaa laini kikipitishwa juu yake kisinaswe popote. Uzito nao ugawanyike mabegani, usining'inie shingoni. Vazi la roboti la mbunifu Thierry Mugler la mwaka 1995, ambalo mwigizaji Zendaya alilivaa London mwaka 2024, kwa upande wake hufuata mwili kama deraya. Vazi la aina hiyo hupimwa kwenye viungo: je, kiwiko na goti vinakunjika bila kingo kugongana?

Buti. Buti za Courrèges zilikuwa nyeupe, za kisigino kifupi bapa. Kisigino kirefu huvunja mstari wa vazi zima.

Upambaji. Mpambaji hodari huchagua kitu kimoja kitawale, ama umbo, ama metali, ama miwani, na vingine vikakaa kimya. Kofia, fedha na vinili vikirundikwa pamoja huzaa vazi la maigizo.

Mnunuzi mwenye nafasi ya kipimo kimoja tu alitundike vazi na kulitazama kwa mbali. Lisiposimama lenyewe, mng'aro wake hautalisaidia.