Rota na Somo la Milinganyo Tofautishi: Pumba Alizozipeta na Mchele Alioumwaga

Mwaka 1997 mwanahisabati Gian-Carlo Rota, mzaliwa wa Italia aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitoa mhadhara kuhusu mambo kumi ambayo angependa kuwa ameyajua kabla hajaanza kufundisha milinganyo tofautishi. Aliyewahi kukaa katika darasa la utangulizi la somo hili akiusoma mhadhara huo atatabasamu, kwa sababu unasema waziwazi yale ambayo wanafunzi huyanong'ona wakitoka kwenye mtihani. Katika makala haya nataka kuuhakiki, nionyeshe ni wapi Rota amelenga shabaha na ni wapi, kwa maoni yangu, amemwaga mchele pamoja na pumba.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa mkusanyo huu ni watu wa lugha, nianze na istilahi yenyewe. Mlinganyo wa kawaida humtaka mwanafunzi atafute namba isiyojulikana. Mlinganyo tofautishi hutoa habari kuhusu kasi ya kubadilika kwa kitu, kisha humtaka mwanafunzi aeleze kitu hicho kitakuwaje wakati wote. Ni kama kuambiwa msafiri anaelekea upande gani katika kila hatua, halafu utakiwe kuchora njia yake nzima.

Hoja kuu ya Rota ni kwamba somo la utangulizi limejaa ujanja wa kukokotoa badala ya dhana. Mfano wake mmoja ni ile inayoitwa milinganyo kamili, pamoja na kizidishio kinachotafutwa ili mlinganyo usio kamili uwe kamili. Kwake, mada kama hizi zimebaki vitabuni ingawa manufaa yake yamekwisha. Anayesema hivyo si mgeni wa fani. Yeye na Garrett Birkhoff walichapisha kitabu cha kiada cha somo hili mwaka 1962, na katika mhadhara wake anakiri kwamba kukiandika ndiko kulikomfanya atambue kuwa hajui mlinganyo tofautishi ni nini.

Hapa nakubaliana naye kabisa. Kwa wiki nyingi mwanafunzi hufundishwa kutambua aina: huu unatenganishika, huu ni wa Bernoulli, huu ni kamili. Kila ugonjwa una dawa yake, na mtihani hupima kama umekumbuka chupa ipi iko rafu ipi. Ni sawa na kumkaririsha mgeni ngeli zote za nomino bila kumpa sentensi hata moja ya Kiswahili. Atafaulu zoezi la ngeli, lakini hataweza kuomba maji ya kunywa. Isitoshe, siku hizi programu ya kompyuta hukokotoa mazoezi hayo kwa muda mfupi kuliko wa kuyaandika.

Tuchukue mfano nilioubuni. Bwawa lina nafasi ya sato 1,000. Wakiwa wachache, huongezeka kwa kasi ya nusu ya idadi yao kwa mwaka, na kasi hiyo hupungua kadiri bwawa linavyojaa. Mwenye bwawa huvua sato 80 kila mwaka. Tukiita idadi ya samaki P, kasi ya kubadilika kwake ni 0.5P(1 − P/1000) − 80. Sehemu ya kwanza inatokana na wazo la Pierre-François Verhulst wa Ubelgiji, lililochapishwa mwaka 1838.

Mwanafunzi aliyefunzwa ujanja ataanza mara moja kutenganisha na kukokotoa, na mwishoni atapata fomula ndefu. Aliyefunzwa kusoma atauliza kwanza: kasi hii ni sifuri lini? Jibu ni pale samaki wanapokuwa 200 au 800. Chini ya 200 kasi ni hasi, kwa hiyo bwawa litakwisha. Kati ya 200 na 800 ni chanya, kwa hiyo idadi itapanda kuelekea 800. Zaidi ya hapo, ongezeko la asili haliwezi kuzidi samaki 125 kwa mwaka, kiwango kinachofikiwa wakiwa 500. Akivua 130 kila mwaka, bwawa litakwisha hata likianza likiwa limejaa. Hayo yote tumeyapata bila kutatua chochote, na ndiyo mambo ambayo mvuvi angetaka kuyajua.

Sasa nafika mahali ambapo siwezi kumfuata Rota. Miongoni mwa ushauri wake ni kwamba katika somo la utangulizi tusahau nadharia ya kuwapo na upekee wa jawabu, yaani ile inayoeleza ni lini mlinganyo una jawabu, na ni lini jawabu hilo ni moja tu. Ni kweli kwamba uthibitisho wake ni mgumu kwa anayeanza. Lakini maana yake si ngumu, na bila maana hiyo usomaji niliouonyesha unapungukiwa na msingi. Kwa nini bwawa lililoanza na samaki 300 hukaribia 800 bila kufika hasa? Kwa sababu kubaki 800 daima ni jawabu tayari, na palipo na upekee majawabu mawili hayakutani.

Linganisha na ndoo yenye tundu chini. Kwa kanuni ya Torricelli, kina cha maji hushuka kwa kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha kina hicho. Hapa sharti la upekee huvunjika maji yanapokwisha, na ndoo huwa tupu kweli kwa muda unaohesabika. Ukiikuta tupu, mlinganyo hauwezi kukuambia maji yaliisha asubuhi au juzi, kwa kuwa historia nyingi zinaishia katika hali hiyo moja. Mfano huu unaeleweka na yeyote aliyewahi kuchota maji, na hauhitaji uthibitisho wowote wa kutisha.

Kwa hiyo Rota anatuachia kazi nusu. Kuondoa ujanja hakutoshi ikiwa nafasi yake haitachukuliwa na usomaji, na usomaji unahitaji upekee kama sentensi inavyohitaji upatanisho wa kisarufi. Ningependekeza wiki za milinganyo kamili zipewe michoro na maswali ya aina ya bwawa na ndoo, na kila mtihani uwe na swali moja linalomtaka mwanafunzi aeleze mlinganyo kwa maneno kabla ya kuugusa kwa kalamu. Sisi tunaosomea ualimu twaweza kuyaeleza maneno hayo kwa Kiswahili pia. Asiyeweza kusema mlinganyo unadai nini hajauelewa, hata kama jawabu lake limewekewa alama ya vema.