Manati ya Ndege na Bomba Lililokosekana

Kuna kazi moja iko kwenye meza ya kona, maktaba ya kambi, na kila anayepita anasema neno lile lile: "Ajabu!" Wageni wa mashirika wanaongeza, "Na yote hii ni takataka!" Wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nimekaa nayo jioni nne, na rula na tochi ya simu. Naona kazi hii imesifiwa sana na haijatazamwa.

Ni modeli ya manati ya kurushia ndege, ile iliyokuwa kwenye manowari ya Kijerumani Bismarck, meli iliyozama tarehe 27 Mei 1941. Siyo meli nzima. Fundi amekata kipande cha katikati tu, kati ya dohani na mlingoti wa nyuma, akakijenga kwa skeli ya 1 kwa 100. Yaani mita moja ya kweli ni sentimita moja pale mezani. Bismarck ilikuwa na upana wa mita 36, na ubao wake una sentimita 36. Nimepima kushoto, nimepima kulia. Hapo hakuna cha kubishana.

Neno manati lisikuchanganye, ndugu msomaji. Wengi wetu tumekua nayo: panda la mti, mipira miwili ya tyubu, kipande cha ngozi, na ndege maskini juu ya mwembe. Kiswahili kimetufanyia mzaha hapo, maana manati ya kuangusha ndege na manati ya kurusha ndege zinabeba jina moja. Lakini melini hakuna mpira. Kuna reli juu ya kiunzi kirefu cha chuma, na juu ya reli kuna kigari kinachobeba ndege. Hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi inafunguliwa ghafla, inasukuma pistoni. Pistoni inavuta kamba ya waya, na kamba inazunguka kwenye kapi ambazo zinaigeuza hatua fupi ya pistoni kuwa safari ndefu ya kigari. Kigari kinafika mwisho wa reli, kinakamatwa, ndege inaendelea peke yake. Kwenye Bismarck kiunzi hicho kililala kwa upana wa meli, na ndege iliweza kurushwa kushoto au kulia.

Kwa nini shida yote hiyo? Sisi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika tunaweza kujibu. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini aina ya Short 827 upande wa Kongo, wakaishambulia Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba ya leo, ile ile iliyobeba Warundi wengi kutoka Kagunga mwaka 2015. Ndege zile hazikuwa na manati. Zilikimbia juu ya maji mpaka zipae. Na anayelijua ziwa letu anajua kuna siku upepo ukiamka hata mvuvi hatoi mtumbwi. Sasa peleka jambo hilo Atlantiki ya kaskazini. Huwezi kungoja bahari itulie ndiyo utume ndege ikachungulie adui. Unairusha toka sitahani, ikirudi inatua majini kando ya meli, na winchi inaipandisha.

Turudi mezani. Kiunzi ndicho roho ya modeli ya namna hii, na kiunzi cha kijana huyu ni kizuri kweli. Ametumia njiti za mwavuli. Amezikata, akazinoa ncha kwenye jiwe, akaziunga kwa risasi iliyotolewa kwenye redio mbovu, akitumia msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Njiti yenye unene wa milimita moja, kwa skeli yake, ni nondo ya sentimita kumi, na jicho linakubali kwamba chuma cha unene ule kingeweza kubeba ndege ya zaidi ya tani tatu. Angetumia waya mwembamba zaidi, kingeonekana kama utando wa buibui. Angetumia spoki za baiskeli, kingekuwa daraja la reli.

Ila angalia viungo. Katikati ya kiunzi, kila njiti ya mshazari inakutana na mwenzake kwenye nukta moja, kama inavyotakiwa. Ukisogea kwenye ncha ya kulia, njiti zinaanza kupandana, moja juu ya nyingine, na risasi imevimba kama kidonda kilichofungwa vibaya. Nadhani msumari ulikuwa unapoa haraka. Kwa skeli hii tone la milimita tatu ni donge la sentimita thelathini. Hakuna mhandisi wa Kiel au Hamburg angeliacha. Na bahati mbaya ncha hiyo ndiyo inayotazama mlango, ndiyo mgeni anayoiona kwanza.

Kamba nayo ina kasoro. Ni uzi wa kushonea, mweusi, na una vinyweleo. Macho ya kawaida hayavioni, lakini picha ya simu inaviona, na kamba ya waya inageuka kamba ya katani. Dawa yake ni rahisi: vuta uzi mara mbili tatu kwenye mshumaa, utalala. Rangi sitaisema sana. Ni nzito, imeziba misumari midogo ambayo aliitengeneza kwa taabu, basi.

Ndege, Arado Ar 196, imemkaa vizuri. Ile ya kweli ilikuwa na mabawa ya mita 12.4 na maboya mawili chini. Yake ina sentimita 12 na nukta kidogo, mabawa ni bati la debe la mafuta ya kupikia, maboya ni mti laini uliopigwa msasa mpaka ukang'aa. Mabawa yanakunjika kwenda nyuma, kama ya kweli yalivyokunjwa ili ndege iingie bandani. Watoto wanapenda kuyakunja na kuyakunjua. Mtunza maktaba amekwisha kukata tamaa.

Hao hao watoto wanalalamika kwamba manati hairushi. Kigari kinatembea ukikisukuma kwa kidole, basi. "Weka mpira, kaka!" Fundi amekataa, na mimi niko upande wake. Mpira ungeruka vizuri na ungesema uongo. Mtoto angeondoka anaamini kwamba manowari ile ilikuwa manati kubwa ya kuwindia njiwa.

Sasa nije kwenye hilo neno takataka. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wengi wanaojenga modeli za meli kuanzia sifuri, bila boksi la kiwandani. Wananunua vijiti vya plastiki, karatasi za shaba, nyuzi za kila unene. Hakuna anayesimama mbele ya kazi zao na kusema, "Ajabu, plastiki!" Wanaulizwa: viungo vimekutana? Kapi ziko mahali pake? Umeona mchoro wa mwaka gani? Wanabishana hata juu ya rangi ya sitaha. Kijana wetu hakuulizwa swali hata moja la aina hiyo. Ameulizwa bati amelitoa wapi, na kama anaweza kuwafundisha wenzake kutengeneza vikapu.

Lipo pia karatasi lililobandikwa mbele ya meza: kazi ya vijana wakimbizi kwa kutumia taka. Halina jina la meli, halina skeli, halina jina la aliyeijenga. Mimi hapa simtaji kwa sababu ameniomba nisimtaje. Lakini kuombwa usitaje ni jambo moja, na kutouliza kabisa ni jambo jingine. Na tangu lini mtu mmoja akawa "vijana"?

Swali jingine nimelisikia mara tatu, mara mbili kutoka kwa wafanyakazi wa mashirika na mara moja kutoka kwa mama mmoja wa kwaya: kwa nini silaha? Watu wamekimbia vita, mbona asijenge shule, au kanisa? Swali ni la haki, na jibu la kusema "hiyo ni ndege ya uchunguzi tu" mimi silikubali. Arado ile haikuwa njiwa wa amani. Kazi yake ilikuwa kutafuta meli za adui na kuangalia makombora yanaangukia wapi ili mizinga irekebishe shabaha. Ilikuwa jicho la mizinga, tena mizinga ya utawala wa Hitler. Modeli nzuri haifichi hilo, na hii haifichi: nyuma ya kiunzi ameweka kituo cha mzinga mmoja wa pembeni, mdomo umeelekea juu ya kichwa cha rubani. Lakini kumwambia mtu aliyekimbia vita kwamba vita ndicho kitu pekee asichoruhusiwa kukitazama kwa makini, hapana. Sisi ndio tunajua kilivyo.

Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine, na ni kidogo sana kwa ukubwa. Hakuna bomba la hewa.

Nimepiga tochi chini ya kiunzi chote. Reli ipo, kigari kipo, kapi sita zipo, zimetengenezwa kwa vifungo vya shati. Mitungi ya hewa inaweza kuwa chini ya sitaha, sawa, isionekane. Lakini kutoka sitahani kwenda kwenye manati hakuna kitu. Nguvu haina njia ya kufika. Ni kama kuchora moyo mzuri na kusahau mshipa.

Ungesema ni jambo dogo kama ingekuwa meli nyingine. Kwa Bismarck, bomba hilo ndilo hadithi. Tarehe 24 Mei, siku ilipoizamisha Hood ya Waingereza, Bismarck nayo ilipigwa na Prince of Wales. Kombora moja lilipita kwenye mashua zilizokuwa katikati ya meli, likapitia kwenye manati, wala halikulipuka. Meli ikaendelea na safari. Jioni ya tarehe 26 ndege za Waingereza kutoka Ark Royal ziliipiga topido kwenye usukani, na kuanzia hapo meli ikawa inazunguka tu, ikingoja asubuhi. Asubuhi ya tarehe 27 wakaamua kuokoa angalau karatasi: kitabu cha kumbukumbu za vita cha meli, filamu, na nyaraka nyingine. Viwekwe kwenye Arado, irushwe, iende Ufaransa. Ndege ikaandaliwa. Kumbe njia ya hewa ya manati ilikuwa imekatika tangu siku tatu nyuma. Ndege nzima, injini nzima, rubani yupo, na haitoki. Ikabidi isukumwe baharini ili isije ikawaka moto juu ya sitaha. Admirali Lütjens akaomba kwa redio nyambizi ije ichukue kile kitabu. Haikufika kwa wakati. Kati ya watu zaidi ya 2,200 waliookolewa hawakufika 120, na kitabu kilikwenda chini pamoja na waliobaki.

Hapa kambini nani asiyeelewa jambo hilo? Wapo waliovuka mpaka na mtoto mgongoni na bahasha kifuani. Wapo ambao bahasha ililowa, au ilibaki juu ya kabati, na mpaka leo wanaeleza kwa mdomo kwamba walimaliza sekondari, na anayewasikiliza anaandika "hana hati".

Ndiyo maana modeli hii, pamoja na uzuri wake, inaonyesha asubuhi ambayo haikutokea. Ndege iko juu ya kigari, mabawa yamekunjuliwa, rubani wa kijiti amekaa, kila kitu kiko tayari kuruka. Nilimwambia fundi hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema picha alizonazo kwenye simu zimepigwa kutoka juu na kutoka mbali, bomba halionekani, na yeye hajengi asichokiona. Ni jibu la fundi, naliheshimu. Lakini msumari mmoja mmoja kwenye kiunzi nao hauonekani kwenye picha zile, na ameuweka, kwa sababu akili ilimwambia lazima uwepo. Akili hiyo hiyo ingemwambia hewa haifiki kwenye pistoni kwa miujiza.

Mimi ningeondoa zile mashua mbili safi za upande wa kushoto, niweke moja iliyotobolewa, na nyuma yake bomba lililokatika. Yeye hataki. Anasema akitoboa mashua watu watadhani imevunjwa na watoto. Tumebishana hapo mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, na bado hatujapatana.

Modeli itakuwepo maktaba mpaka mvua zianze, kisha ataihamisha, maana paa linavuja pale pale juu ya kona. Ukienda, usisimame upande wa mlango. Zunguka, chuchumaa, tazama katikati ya kiunzi kwa kimo cha sitaha, saa kumi jua likiwa linaingia dirishani. Ukimkuta mwenyewe, muulize habari za kapi.