Ziwa Halina Pwani

Juma lililopita nilitoka Lodwar hadi Eliye Springs, kando ya Ziwa Turkana, pamoja na mwanafunzi wangu mzaliwa wa Kakuma. Upepo uliturushia mchanga usoni. Nikaandika daftarini: "pwani ya Turkana." Kijana akachungulia, akacheka. "Lakini Prof, hapa maji hayapwi!"

Alinikosoa barabara. Pwani imetokana na kitenzi -pwa: ni mahali maji ya bahari yanapopwa na kujaa. Ziwani tuna ufuo.

Kosa hilo lilinikumbusha filamu ya Fernando Meirelles, The Constant Gardener (2005). Ng'ambo ya ziwa, mji wa Loiyangalani uligeuzwa Sudan. Naisifu filamu hiyo kwa kuyakabili makampuni yanayowajaribia maskini dawa. Hata hivyo, iliazima upepo, mchanga na nyuso za wenyeji, kisha ikawavika jina la kwingine. Hadithi inayowatetea wanaotumiwa bila kuulizwa ilipaswa kuliona hilo.

Nami je? Nililibandika ziwa neno la Mombasa. Nimelifuta, nimeandika ufuo. Kijana aliniuliza, "Na filamu, Prof, itafutwa na nani?" Sikuwa na jibu.